Bunduki ya babu haitaki matundu: namna ya kurekebisha vilengeo bila kuiharibu



Najua wengi mnasubiri ile makala ya mbolea ya kukuzia mahindi. Inakuja, msijali. Lakini msimu huu nimeulizwa swali moja na vijana watatu tofauti, hawafahamiani, na wote wanalima kibiashara huku Nyanda za Juu Kusini. Wameingia kwenye mashamba ya wazee wao, wameweka mahindi, viazi na parachichi, na ndani ya nyumba wamekuta bunduki ya zamani ya kuwindia ambayo mzee anaimiliki kihalali tangu enzi hizo. Swali lao: "Bwana shamba, tukiifunga darubini si itakuwa nzuri zaidi?"

Jibu fupi ni hili: pengine hamuihitaji hiyo darubini. Na kama mnaihitaji, msikubali mtu aisogelee bunduki hiyo na keekee. Jibu refu linaanza na kosa langu mwenyewe.

Kosa langu

Mwaka 2011 nilikuwa chuoni, mwaka wa pili wa diploma, kichwa kimejaa. Likizo nikaenda kwa mjomba, Songea. Mjomba alikuwa na bunduki ya Kijerumani aina ya Mauser, ya zamani lakini safi, leseni anayo. Nikamwambia, "Mjomba, siku hizi hakuna anayelenga kwa jicho tupu. Tufunge darubini." Akasita. Mimi nikakazana, si unajua msomi akirudi nyumbani. Mwisho akasema, "Haya, wewe ndiye umesoma."

Hatukwenda kwa fundi wa bunduki mwenye leseni. Tulikwenda kwa fundi wa kuchomelea mageti, kwa sababu alikuwa karibu na bei yake ilikuwa ndogo. Akatoboa matundu manne juu ya mwili wa bunduki, pale ambapo kiwanda hakikuweka tundu hata moja. Tundu la tatu likaenda upande, darubini ikawa inaangalia kushoto. Tulipoifunga tukagundua mkono wa bolti ukiinuliwa unaigonga. Fundi akaupasha moto kwa gesi mpaka ukawa mwekundu, akaupinda. Halafu ile bawa ya usalama iliyo nyuma ya bolti, ambayo kwenye Mauser huzunguka kwa juu, ikawa haizunguki tena kwa sababu darubini imeizuia. Yaani tulitoka pale na bunduki isiyofungika usalama, na bado tunapongezana.

Miaka miwili baadaye fundi mwenye leseni aliishika, akaichunguza, akasema isipigwe tena. Chuma cha bolti hutiwa ugumu kiwandani kwa vipimo maalumu. Ukikipasha moto kiholela, joto linasafiri na ule ugumu unapotea. Masikio mawili ya mbele ya bolti ndiyo yanayoushika mlipuko usimrudie mpigaji usoni, na hakuna mtu aliyeweza kutuhakikishia kwamba bado yana nguvu zake. Mjomba akaisalimisha polisi.

Hakunigombeza. Alisema tu, "Ilikuwa nzima." Mpaka leo maneno hayo yananisumbua kuliko matusi.

Kwa hiyo ninapoandika haya, sisemi kama fundi wa bunduki. Mimi ni afisa ugani. Nasema kama mtu aliyeharibu kitu cha mzee wake, halafu akaamua kujifunza.

Bunduki ya Kilolo

Sasa tuje Kilolo. Kijana mmoja ninayemtembelea ana ekari kumi na mbili za mahindi kandokando ya msitu. Mahindi yakianza kukomaa, kuanzia mwezi wa tatu, nguruwe pori wanashuka usiku. Nguruwe hali gunzi akaondoka. Anaangusha shina zima, anaonja, anahamia jingine. Asubuhi unakuta kama trekta limepita.

Babu yake, mzee wa miaka sabini na tisa, ndiye mwenye leseni. Mwaka uliotangulia, kwa idhini ya watu wa wanyamapori, alimpiga nguruwe mmoja jioni umbali wa kama mita hamsini. Risasi ikamchana mgongoni. Nguruwe akaingia kwenye kichaka kile kile ambacho kina mama wanapita kwenda kuokota kuni. Mzee hakulala. Alfajiri akaanza kufuata damu pamoja na askari wa wanyamapori, wakamkuta saa nane mchana, bado hai na mwenye hasira. Siku nzima hiyo hakuna mwanamke aliyekwenda kuni, na watoto hawakutumwa kisimani.

Kijana akahitimisha kwamba babu haoni tena. Akanunua darubini kwa mtu, ya bei poa, akanipigia simu nimtafutie fundi wa kutoboa.

Nilikwenda. Nikamsalimu mzee, "Kamwene, babu. Shikamoo." Akaitikia, akanikaribisha ugali na maharage, na baada ya kula ndipo akaitoa bunduki. Jamani. Ilikuwa Mauser ya milimita 9.3, mti wake umeiva rangi ya asali. Risasi yake inaitwa 9.3×62. Ina historia na nchi yetu: ilibuniwa mwaka 1905 na Otto Bock, fundi wa bunduki wa Berlin, kwa ajili ya wakulima na wawindaji walioishi kwenye makoloni ya Ujerumani barani Afrika, na nchi yetu ilikuwa sehemu ya mojawapo. Bunduki kubwa za Kiingereza zenye mitutu miwili zilikuwa ghali mno. Mkulima alitaka kitu cha bei ya kawaida kinachoweza kusimamisha mnyama mkubwa, kwa hiyo Bock akaipima risasi yake iingie kwenye Mauser ya kawaida, muundo wa mwaka 1898. Ni risasi ya mkulima tangu kuzaliwa kwake.

Babu aliinunua kwa mlowezi aliyemfanyia kazi ya kufuata nyayo, mlowezi huyo alipokuwa anahama baada ya uhuru. Iliwahi kukaa bila kazi kuanzia 1973 serikali ilipofunga uwindaji, hadi 1978 ulipofunguliwa tena. "Hiyo miaka mitano nilikuwa naifuta mafuta tu," akasema.

Nikamwuliza kuhusu darubini. Akamtazama mjukuu wake, akasema, "Yeye ndiye mwenye shamba sasa." Nikaisikia sauti ya mjomba palepale.

Kwanza sheria na usalama

Kabla hujagusa skrubu, haya mambo manne:

1. Bunduki inatumiwa na mwenye leseni. Kwamba ni ya babu yako hakukupi haki ya kuipiga. Silaha zinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kama mwenye leseni amefariki, nenda polisi kabla ya jambo jingine lolote. Usikae nayo ndani ukisubiri kikao cha ukoo.

2. Leseni ya bunduki siyo kibali cha kuwinda. Wanyamapori wanalindwa na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009. Nguruwe akiingia shambani, mtu wa kwanza kumpigia simu ni afisa wanyamapori wa wilaya yako.

3. Kazi yoyote ya ufundi ifanywe na fundi mwenye leseni, na polisi wajue inasafirishwa kwenda wapi. Fundi wa mageti aachiwe mageti.

4. Kila unapoishika, hakikisha haina risasi. Fungua bolti, tazama kwenye chemba, halafu ingiza kidole uhakikishe. Kwenye Mauser, vuta nje kile kishikio kilicho ubavuni kushoto na bolti itatoka yote kwa nyuma. Iweke mbali na bunduki. Na angalia kama namba ya bolti inalingana na namba ya mwili. Zikitofautiana, isipigwe mpaka fundi aipime.

Tafuta kosa kabla ya kununua dawa

Shambani huwa nawaambia: usipulize dawa kabla hujamjua mdudu. Hapa ni vivyo hivyo. Kijana alishanunua dawa, lakini hakuna aliyepima ugonjwa.

Kwa wasioijua bunduki: vilengeo ni viwili. Cha mbele ni kijino kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu. Cha nyuma ni kibao chenye mkato wa herufi V. Unakiona kijino katikati ya mkato, halafu unakiweka juu ya unacholenga.

Tulianza bila kupiga risasi hata moja. Tukatoa bolti, tukailaza bunduki juu ya mifuko miwili ya mchanga, tukabandika karatasi yenye duara jeusi umbali wa mita 25. Ukichungulia ndani ya mtutu kwa nyuma, unaliona lile duara. Ukishaliweka katikati ya mtutu, usiiguse bunduki, inua macho utazame vilengeo. Vinapaswa kuelekea karibu na duara hilo hilo. Vya kwetu vilielekea chini kabisa ya karatasi. Maana yake, mtu akileta vilengeo juu ya duara, mtutu wenyewe utaangalia juu zaidi.

Nikakitazama kijino kwa karibu. Hakikuwa cha kiwandani. Kilikuwa kipande cha sarafu, kimesuguliwa kwa tupa.

"Babu, hiki ni nini?"

Akacheka. Kijino cha asili kilivunjika miaka ya themanini, bunduki ilipoanguka kutoka kwenye baiskeli. Kipuri hakikupatikana, akajichongea. Kilitoka kifupi, risasi zikawa zinakwenda juu. Hakusumbuka. "Mimi nalenga miguu," akasema. "Naijua."

Kumbe hilo ndilo lilikuwa tatizo zima. Kwa zaidi ya miaka thelathini mzee alikuwa anabeba marekebisho kichwani mwake. Jioni ile, giza linaingia, mjukuu anamhimiza, akasahau kulenga miguu. Akalenga bega kama mtu yeyote, na risasi ikapita mgongoni. Macho yake hayakuwa na kosa. Na darubini ile ya bei poa ingetoboa bunduki bila kugusa kilichovunjika.

Hesabu ya kijino

Wiki mbili baadaye, kwenye kiwanja cha kulengea kilichoruhusiwa, babu alipiga risasi tatu kwa mita 50, akilenga katikati ya karatasi kama kawaida, bila ujanja wa miguu. Risasi zote tatu zilikaa karibu karibu, mahali pa kufunikwa na kiganja, lakini sentimita 18 juu ya alama. Hapo ndipo mjukuu alipoacha kusema babu haoni. Mtu asiyeona hawezi kuweka risasi tatu pamoja.

Usibadilishe kitu kwa kutazama risasi moja. Piga tatu, za aina moja, ukiuacha mtutu upoe, halafu pima kutoka katikati ya kundi hadi kwenye alama.

Kisha pima umbali kati ya kijino cha mbele na kibao cha nyuma. Yetu ilikuwa milimita 520. Kanuni ni hii, weka vyote kwa milimita:

Kosa kwenye karatasi × umbali kati ya vilengeo ÷ umbali wa karatasi = kimo cha kubadilisha.

Kwa yetu: 180 × 520 ÷ 50,000 = 1.87.

Yaani kijino kilikuwa kimepungukiwa chini ya milimita mbili. Upana wa punje ya mchele. Hicho ndicho kilichomtia nguruwe kichakani na kuwazuia kina mama kwenda kuni.

Kumbuka pia mwelekeo, maana wengi wanachanganya:

- Risasi zikienda juu, kijino cha mbele ni kifupi. Weka kirefu zaidi.
- Zikienda chini, kijino ni kirefu. Kipunguze.
- Zikienda kushoto au kulia, sogeza kibao cha nyuma upande unaotaka risasi iende. Ukiamua kusogeza kijino cha mbele, ni kinyume: kisogeze upande ule ule risasi inakokosea.

Namna tulivyokibadilisha

Kijino kwenye bunduki nyingi za namna hii kimekaa kwenye mfereji uliokatwa kukingama na mtutu, mpana chini na mwembamba juu, ili kisichomoke kwa kwenda juu. Kinaingia na kutoka kwa ubavuni. Mfereji huo ni zawadi kutoka kiwandani. Chochote kitakachokaa humo unaweza kukiondoa kesho, na bunduki ikabaki kama ilivyozaliwa.

Fundi mwenye leseni alifanya hivi, nami nikiwa nimesimama pembeni na daftari:

- Alidondosha mafuta mepesi kwenye mfereji, akaacha usiku kucha. Chuma kilichokaa miaka thelathini hakitaki haraka.
- Aliubana mtutu kwenye jiliwa lililovishwa ngozi. Chuma kwa chuma hapana.
- Alichora mstari wa penseli juu ya utepe wa karatasi kuonyesha kijino kilikaa wapi. Hakukwaruza mtutu.
- Alikigonga kijino kwa kijiti cha shaba na nyundo ndogo, kutoka kushoto kwenda kulia kwa mtazamo wa mpigaji. Mafundi wengi wa zamani walikiingiza kutoka kulia, kwa hiyo kinatoka kulia. Shaba ni laini kuliko chuma, ikikosea inaumia yenyewe.
- Alichonga kijino kipya, kirefu kuliko cha sarafu kwa milimita 2.5. Siyo 1.87. Kwa nini? Kwa sababu chuma kilichozidi kinapunguzika, kilichopungua hakirudi.

Tuliporudi kiwanjani, risasi zilikaa sentimita 6 chini ya alama, kama hesabu ilivyosema. Fundi akaanza kusugua kijino kipya kwa tupa laini, kidogo kidogo. Kwa bunduki hii, kila sehemu moja ya kumi ya milimita unayoondoa inapandisha risasi kama sentimita moja kwa mita 50. Alisugua, babu akapiga. Alisugua, babu akapiga. Ilipofika milimita 0.6, risasi zikakaa kwenye alama. Kilichosuguliwa ni kile kijino kipya tu, cha kutupwa kikiharibika. Tupa haikugusa bunduki.

Mwisho fundi akakipaka kijino rangi nyeupe kwa nyuma. Ukikosa rangi ya kiwandani, rangi nyeupe ya kucha inafanya kazi, na inatoka kwa pamba. Kwa mzee ambaye vitu vya karibu vinamtia ukungu, kijino chenye weupe kinaonekana haraka jioni kuliko cheusi.

Kama ni skrubu unayofungua, zingatia bisibisi. Mikato ya skrubu za zamani ni myembamba. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mkato kwa upana na unene, vinginevyo utautafuna, na skrubu iliyotafunwa haiwi mpya tena. Kila unachotoa, kiweke kwenye mfuko wenye jina.

Na kama kweli unahitaji zaidi ya kijino?

Inawezekana macho yamechoka kweli. Basi fuata mpangilio huu, ukianza na kinachogusa kidogo zaidi.

Kwanza, chunguza kama bunduki yako tayari imeandaliwa. Zile za BRNO aina ya ZKK zilitoka kiwandani na reli juu ya mwili. Kishikio cha darubini kinabana pale bila tundu lolote. Bunduki nyingine zilitoka na matundu ya kiwandani yaliyozibwa kwa skrubu fupi. Yatafute kabla ya kumwita mtu wa keekee. Kama bunduki iliwahi kutobolewa na mwenye nayo wa zamani, tumia matundu hayo hayo, usiongeze.

Pili, vipo vishikio vinavyoingia kwenye mfereji wa kibao cha nyuma. Unatoa kibao, unaingiza kishikio, juu yake unafunga kilengeo kidogo cha nukta nyekundu kinachotumia betri, au darubini maalumu ya kutazamwa ukiwa mbali nayo. Nasema maalumu kwa sababu darubini ya kawaida inataka jicho liwe karibu. Ukiiweka mbele kwenye mtutu utaona kitundu cheusi tu. Faida ya kuiweka mbele ni kwamba haigongani na mkono wa bolti wala bawa ya usalama, zile shida mbili zilizomponza mjomba. Siku ukichoka nayo, unarudisha kibao.

Tatu, kipo kilengeo cha tundu la kuchungulia. Ni kizuri kwa macho ya wazee, lakini kinafanya kazi vizuri kikiwa karibu na jicho, nyuma ya bolti, siyo mbele kwenye mtutu. Kikubali tu kama kinatumia skrubu au sehemu zilizopo tayari.

Mtu akikuambia "nitatoboa kidogo tu", chukua bunduki yako uondoke. Mwili wa Mauser una ngozi ngumu juu, na pale mbele wanapotaka kutoboa ndipo masikio ya bolti yanaposhikilia. Tena mkusanyaji akiona matundu manne mapya kwenye bunduki ya asili, bei inaporomoka. Hata usipouza, utakuwa umemwachia mwanao kitu pungufu.

Nimejiwekea sheria moja: kama siwezi kurudisha nilichofanya ndani ya nusu saa kwa bisibisi na kijiti cha shaba, sifanyi.

Uzio bado unahitajika

Msije mkasema bwana shamba kawaambia mkapige nguruwe. Bunduki, hata ikilenga sawasawa, hailindi ekari kumi na mbili. Kilichookoa mahindi ya Kilolo msimu huu ni kufyeka ukanda wa mita kadhaa kati ya shamba na msitu ili nguruwe asitoke kichakani moja kwa moja, zamu za usiku zenye tochi na makopo ya kugonga, matawi ya miiba kwenye njia zao walizozizoea, na kuvuna mapema bila kusubiri mahindi yakaukie shambani mpaka mwezi wa nane. Andika hizo gharama kwenye daftari lako la shamba kabla ya kufikiria bei ya darubini. Bunduki ni ya ile siku moja ambayo afisa wanyamapori amefika, idhini ipo, na mnyama anapaswa kuanguka palepale bila kuteseka na bila kumwachia mtu hatari kichakani.

Darubini ya kijana? Bado anayo, ndani ya boksi lake. Anasema anaitumia kutazama kutoka barazani nani anachuma parachichi zake.

Siku ya mwisho nilipowapitia, babu alitoa kopo la tumbaku kutoka juu ya kabati. Ndani, kwenye kitambaa chenye mafuta, kulikuwa na kijino cha asili kilichovunjika, kipande cha chini tu. Alikuwa amekihifadhi tangu siku ya baiskeli. Akakiweka kile cha sarafu kando yake, akafunga kopo, akampa mjukuu.

"Babu, hivi si vimeshakufa?" kijana akauliza.

"Weka," mzee akasema. "Ndiyo namna ya kujua ilivyokuwa."

Kijana sasa ameanza kufuatilia leseni yake mwenyewe. Haendi haraka, na babu hamhimizi.

Wiki ijayo, bila kukosa, mbolea ya kukuzia. Tukutane shambani.